Mbwa Akiburuta Miguu ya Nyuma, Usikimbilie Jiwe Wala Sindano



Kuna simu ninayoipokea mara kwa mara. Inaanza hivi: "Daktari, mbwa wangu kagongwa na bodaboda jana usiku. Mbele mzima, nyuma kafa, anajiburuta tu. Nimchome sindano gani?"

Kwanza nisahihishe. Mimi si daktari. Ni afisa mifugo mwenye stashahada, na kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 kazi ya tiba naifanya chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Simu inakuja kwangu kwa sababu mimi ndiye niliye karibu. Basi leo nalijibu swali hilo kwa wote, na najua jibu halitawafurahisha baadhi yenu, wakiwemo wenzangu wa fani na wenye maduka ya dawa za mifugo.

Jibu ni hili: hakuna sindano ya kuunga mgongo. Na kabla hata ya kuufikiria mgongo, kuna swali moja la kuuliza. Usipoliuliza, anayeweza kufa si mbwa peke yake.

Kwa nini tuzungumzie mbwa

Wapo watakaosema, "Bwana mifugo, mbwa tu huyo, mtupe porini." Sisi watu wa pwani tuna mazoea yetu. Mbwa haingii ndani, mate yake ni najisi, na wengi hatumshiki kwa mkono. Sina ugomvi na hilo. Lakini tuwe wakweli kuhusu kazi anayotufanyia.

Nenda kwenye mashamba ya Kipatimu, Mandawa au Nanjilinji wakati mahindi yanakaribia kukomaa. Usiku nguruwe pori, mchana ngedere na nyani. Mwenye mbwa wawili wazuri analala kidogo. Asiye na mbwa anakesha kwenye dungu akipiga debe, na bado anavuna nusu. Wafugaji waliohamia wilaya zetu kutoka bonde la Usangu na Ihefu kuanzia mwaka 2006 na 2007 walikuja na mbwa wao, na mbwa hao ndio hubweka fisi akisogelea zizi. Na wewe mwenye duka, usiku ukifunga na kwenda kulala, unajua nani anabaki barazani.

Na kuumia mgongo kwa mbwa wetu si jambo la ajabu. Barabara kuu ya kwenda Mtwara inapita katikati ya vijiji: Somanga, Nangurukuru, Kiranjeranje, Hoteli Tatu, hadi Mchinga. Tangu kipande cha Ndundu hadi Somanga kiwekwe lami, mabasi na malori hayana sababu ya kupunguza mwendo. Bodaboda nazo zinapita kila kichochoro. Wapo mbwa wanaorushwa na nguruwe pori, na wapo wanaotumbukia mashimoni. Na wapo, tuseme ukweli, wanaopigwa rungu la mgongo na jirani aliyeliwa kuku wake.

Kwa hiyo mbwa anayejiburuta utamwona, leo au mwakani. Swali ni utafanya nini saa ya kwanza.

Kosa langu mwenyewe

Nitawaambia nilivyojifunza, ingawa si habari ya kujivunia.

Miaka michache iliyopita niliitwa kijiji kimoja kando ya barabara kuu. Mbwa wa kulinda shamba amegongwa na pikipiki. Dereva mwenyewe alikuwepo, amesimama na kofia yake mkononi, anaomba radhi. Mashahidi watano waliona. Mbwa amelala ubavu, miguu ya nyuma haina kazi, michubuko mgongoni, taya limelegea na mate yanatiririka.

Nikasema moyoni: mgongo umevunjika na taya limevunjika. Nikamfungua mdomo kwa mikono mitupu nitafute mfupa uliovunjika. Sikuukuta. Nikachoma sindano ya maumivu, nikaosha mikono kwa maji ya kwenye ndoo, nikaondoka. Mama mwenye nyumba akawa anamlisha uji kwa kijiko. Watoto wakawa wanamfukuzia nzi.

Siku ya pili mzee akanipigia simu. "Mwanangu, mbwa sasa hata miguu ya mbele haina nguvu, na sauti yake imebadilika, kama mbuzi aliyekabwa." Hapo ndipo nilipokaa chini. Siku ya tatu mbwa akafa. Sampuli ya ubongo ikachukuliwa, ikapelekwa maabara. Ilikuwa kichaa cha mbwa.

Ajali ilikuwa ya kweli. Kichaa nacho kilikuwa cha kweli. Mbwa mwenye kichaa hutangatanga, hakwepi chombo, ndiyo maana aligongwa mchana kweupe. Nilipoiona ajali niliacha kufikiri.

Siku ile ile niliposikia habari ya sauti, kabla ya majibu ya maabara, tulikwenda hospitali wote tuliomgusa: mzee, mkewe, watoto, na mimi. Tulichomwa chanjo, na wote tuko hai. Lakini nawaza kila mara: je, mzee asingenipigia?

Kwanza kichaa, halafu mgongo

Wengi tunaamini mbwa mwenye kichaa lazima awe mkali, anakimbia na kung'ata kila kitu. Hao wapo. Lakini kuna kichaa cha kimya. Mbwa anapooza, mara nyingi taya linaning'inia, hawezi kumeza, mate yanamtoka, anajificha gizani, miguu inalegea. Ukimtazama bila kufikiri utasema ameumia, au amekwamwa na mfupa kooni. Na ndipo mtu mwema anapotia mkono mdomoni.

Kwa hiyo, ukimkuta mbwa anayeburuta miguu, kabla hujamgusa jiulize haya matano:

1. Nani aliiona ajali kwa macho yake? "Nadhani kagongwa" si ushahidi. Kama hakuna aliyeona, mhesabu kuwa ana kichaa mpaka ithibitike vingine.

2. Kabla ya ajali alikuwaje? Alikuwa anakula? Alikuwa anakutambua? Au siku mbili tatu alishabadilika, kapotea nyumbani, kawa mkali au mnyonge bila sababu?

3. Taya likoje? Mate yanachuruzika? Anameza maji? Sauti ni ile ile?

4. Udhaifu ulikuja mara moja au unapanda? Kuumia mgongo huja kwa mpigo mmoja, halafu hali hubaki pale pale au huanza kupata nafuu. Kichaa hupanda: leo nyuma, kesho mbele, keshokutwa amekufa.

5. Amechanjwa kichaa? Kadi iko wapi, na ni ya mwaka gani? Na katika miezi iliyopita, amewahi kung'atwa na mbwa mwingine au na bweha?

Hilo la bweha msilichukulie kirahisi. Watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa katika mikoa yetu ya Lindi na Mtwara kati ya mwaka 2011 na 2019 waliwakuta bweha nao wengi miongoni mwa wanyama wenye ugonjwa. Mbwa wa shambani kwetu hukutana na bweha. Akirudi na jeraha mnasema amepigana, linapona, mnasahau. Kichaa huweza kukaa mwilini wiki kadhaa au miezi bila dalili yoyote.

Kama jibu hata moja linakutia shaka, usimguse. Msogezee maji na chakula kwa fimbo ndefu, zungushia uzio wa miti au mfunike na tenga kubwa, watoto wakae mbali, na niite mimi au mtaalamu aliye karibu nawe. Usimpige kichwani, maana ubongo ndio unaopimwa maabara. Akifa, usimchune wala usimkate mwenyewe.

Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, jichoni au mdomoni, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Si kesho. Asingoje majibu ya maabara, asipake pilipili wala mafuta ya taa. Ugonjwa huu unaua watu takriban 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kutokana na mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa ya kutegemea.

Najua mtu ataniuliza: "Kwa hiyo mbwa wangu aliyegongwa kweli ateseke siku kadhaa kwa sababu ya shaka yako?" Ni swali la haki. Kuchelewa kunamgharimu mbwa, sikatai. Mtaalamu mwenye glavu nene na tahadhari anaweza kumpunguzia maumivu akiwa ndani ya uzio. Lakini kati ya maumivu ya mbwa na maisha ya mtoto wako, mimi nimeshachagua. Na kama mbwa ana kadi ya chanjo isiyopitwa na wakati, ajali imeonekana, na hana dalili nyingine, shaka inakuwa ndogo na tunaanza kazi saa hiyo hiyo. Mbwa aliyechanjwa ana bahati mara mbili.

Mgongo unaumiaje

Tuseme sasa kichaa tumekiweka kando. Uti wa mgongo wa mbwa ni pingili zilizopangana: 7 za shingo, 13 za mbavuni, 7 za kiunoni, na 3 zilizoungana za nyonga, kabla ya mkia. Katikati ya pingili unapita mshipa mkuu wa fahamu, laini kama uroto. Huo ndio unaopeleka amri kutoka ubongoni kwenda miguuni na kurudisha taarifa ya maumivu. Pingili ikivunjika au ikiteguka, mshipa huo unabanwa, unavimba, au unakatika.

Kubanwa na kukatika ni vitu viwili tofauti kabisa. Aliyebanwa anaweza kurudi. Aliyekatika harudi. Kwa macho wote wawili wanafanana: wamelala, wanajiburuta. Kazi yote ya uchunguzi ni kuwatenganisha hao wawili.

Kuna mengine ya kuangalia pia. Mbwa aliyevunjika nyonga au mapaja yote mawili naye hawezi kusimama, lakini mshipa wake wa fahamu ni mzima. Huyo ana matumaini mazuri, na wengi wa waliovunjika nyonga hupona kwa kupumzishwa tu. Na ukiona miguu ya mbele imekakamaa kama fimbo huku ya nyuma imelegea, usiseme shingo imevunjika. Mara nyingi hiyo ni ishara kwamba jeraha liko katikati ya mgongo, mbavuni au kiunoni.

Kipimo cha kidole

Hospitali kubwa za wanyama huko Ulaya na Marekani wana mashine za kuona ndani ya mgongo. Sisi Kilwa eksirei ya mbwa hatuna. Lakini kipimo kinachobeba uamuzi mkubwa kuliko vyote kinahitaji koleo dogo la kitabibu tu.

Mtaalamu anabana mfupa wa kidole cha mguu wa nyuma, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na wapo wataalamu pia. Mguu ukikunjika wanashangilia: "Anasikia!" Hapana. Mguu unaweza kujikunja wenyewe bila habari kufika ubongoni, kama mkia wa mjusi unaorukaruka baada ya kukatika. Usitazame mguu. Tazama kichwa. Akigeuka kukuangalia, akilia, akitaka kung'ata, basi habari imefika ubongoni, na mshipa haujakatika wote.

Mbwa anayesikia maumivu ya ndani ya mfupa ana nafasi nzuri ya kutembea tena, hata kama leo hawezi kusogeza mguu. Mbwa aliyevunjika pingili na hasikii kabisa, kwenye miguu yote miwili na mkiani, nafasi yake ni ndogo mno, hata kwenye nchi zenye wapasuaji na mashine.

Kipimo hiki usikifanye mwenyewe nyumbani. Mbwa anayesikia atakung'ata, na ana haki. Lakini ukimwita mtaalamu, muulize: "Umembana kidole? Kichwa kimegeuka?" Kama hajapima, hana msingi wa kukuambia atapona au hatapona.

Kuhusu ile sindano

Sasa nawageukia wenzangu na wenye maduka. Mbwa kavunjika mgongo, mtu anakuja dukani, anauziwa deksamethasoni na oksitetrasaiklini, anachomwa mbwa siku tatu, pesa zimekwenda. Mbwa akipata nafuu, sindano inasifiwa. Asipopata, "ilikuwa kazi ya Mungu".

Deksamethasoni haijathibitika kuponya mshipa wa fahamu ulioumia kwa ajali. Ina madhara: vidonda na kutokwa damu tumboni, na kupunguza kinga ya mwili kwa mnyama ambaye tayari ana michubuko na mkojo uliosimama. Oksitetrasaiklini ni ya vimelea, na mfupa uliovunjika si kimelea. Na diklofenaki na ibuprofeni za binadamu ni hatari kwa mbwa: zinatoboa tumbo na kuharibu figo. Ukiichanganya mojawapo na deksamethasoni, umemwongezea mbwa ugonjwa wa pili. Zipo dawa za maumivu zinazofaa mbwa, kwa kipimo cha uzito wake na kwa maelekezo ya daktari wa mifugo.

Nasema hivi nikijua kwamba mwenye mbwa anataka aone sindano ikiingia ndipo aamini ametibiwa. Nami nimewahi kuchoma ili tu mtu aridhike. Tuache. Pesa hiyo ingenunua chanjo.

Kumbeba na kumtunza

Kinachomsaidia mbwa anayesikia maumivu ni kazi ya mikono, na inafanyika kijijini.

Kwanza, namna ya kumbeba. Usimnyanyue kwa miguu wala usimkunje kwenye kiroba nyuma ya pikipiki. Pingili iliyoteguka kidogo inaweza kumalizia kukata mshipa njiani. Tafuta ubao, mlango mbovu au bati lililonyooka. Watu wawili wamtelezeshe juu yake akiwa amenyooka, mfungeni kwa vitambaa begani na kiunoni asijitikise. Mdomo ufungwe kwa kitambaa laini, isipokuwa kama anatapika au anahema kwa shida.

Pili, kupumzika. Banda dogo asiloweza kuzunguka, wiki nne hadi sita. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Wiki ya pili mbwa anaanza kusimama, mwenye mbwa anafurahi, anamfungulia, anakimbiza kuku, mgongo unateguka upya.

Tatu, malazi. Majani makavu mengi au magunia, yabadilishwe yakilowa. Mgeuze ubavu kila baada ya saa nne hadi sita, la sivyo atatoboka vidonda kwenye nyonga na nzi watataga funza.

Nne, mkojo. Hili ndilo linaloua wengi kimyakimya. Mbwa aliyepooza mara nyingi hawezi kukojoa. Kibofu kinajaa, mkojo unaanza kudondoka wenyewe, mnasema "anakojoa vizuri". Hakojoi, anafurika. Kibofu kinatakiwa kukamuliwa kwa kukandamiza tumbo taratibu, mara tatu kwa siku, na ni lazima uonyeshwe kwa mkono na mtaalamu kabla hujafanya. Mkojo ukinuka vibaya au ukiwa na damu, niite.

Tano, nyoosha na kukunja miguu yake taratibu mara kadhaa kwa siku, isikakamae.

Namkumbuka mbwa mmoja wa shamba la mahindi, alirushwa na nguruwe pori. Alikuwa na kadi ya chanjo. Nilipombana kidole aligeuka akataka kunila. Nikamwambia mwenye mbwa, "Huyu anarudi, ila kazi ni yako." Kijana yule alimkamua mkojo siku tisa, akamfungia wiki sita. Leo mbwa yule anatembea kiuno upande kama mlevi. Lakini anabweka, na nguruwe hawajui kwamba anayebweka ni kilema.

Na asiyesikia

Kwa mbwa asiyesikia, mimi nasema wazi kile ambacho wengi wetu tunakikwepa. Huko nje wapo wanaowatengenezea mbwa wao vigari vya magurudumu mawili, na fundi baiskeli wetu anaweza kukiunda pia. Lakini kigari hakikamui mkojo. Anayetaka kumtunza mbwa huyo lazima awe tayari kwa kazi hiyo kila siku, maisha yote ya mbwa. Kama unayo nafasi na moyo, nitakufundisha. Na kama una uwezo wa kumfikisha hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, zungumza kwanza na daktari wa mifugo. Lakini kutoka Kilwa hadi Dar es Salaam peke yake ni takribani kilomita 300, na uti wa mgongo ulioteguka haupendi safari.

Kama huwezi, basi usimwache. Usimpeleke porini akaliwe na siafu akiwa hai. Usiwaachie watoto mawe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na hata kabla ya sheria hiyo, masheikh wetu wametusimulia tangu utotoni kisa cha aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mpigie mtaalamu amalizie maisha yake kwa dawa, haraka, bila mateso. Kufanya hivyo siku ya pili au ya tatu, baada ya kupima na kuwa na uhakika, si ukatili. Ukatili ni kumwacha wiki tatu anaoza nyuma ya choo huku kila mmoja anangoja "ajifie mwenyewe".

Kwa nini yote haya yanarudi kwenye chanjo

Umeona kila hatua niliyoitaja imeanza na kadi ya chanjo. Mbwa mwenye kadi natibu leo. Mbwa asiye na kadi natazama kwa mbali kwanza.

Na chanjo inafanya kazi. Mikoa yetu ya kusini ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kudhibiti kichaa cha mbwa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kati ya mwaka 2010 na 2015, na wengi wenu mnakumbuka foleni za mbwa chini ya miembe. Wenzetu wa Pemba kwa kuchanja mbwa walifika mahali kichaa kikaisha kisiwani mwaka 2014. Kikarudi 2016, kimeletwa na mbwa waliosafirishwa na watu. Wakachanja tena, wakakiondoa tena. Hilo liwe funzo kwenu mnaosafirisha mbwa kwa jahazi au kwa lori: mbwa asiye na kadi asipakiwe.

Ili ugonjwa usisambae, inatakiwa tuchanje mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka. Kuua mbwa ovyo hakusaidii, maana kesho wanazaliwa wengine wasiochanjwa. Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wenyeviti wa vijiji, siku ya chanjo itangazwe msikitini, kanisani na gulioni wiki nzima kabla, si asubuhi ile ile. Na wewe mwenye mbwa, kadi ihifadhi pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, kwenye mfuko mmoja. Siku mbwa atakapoburuta miguu, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza nitakayokuomba, kabla sijakuuliza mgongo umeumia wapi.